Kidimbwi Bila Msitu: Kuhifadhi Salamanda Katika Ardhi Iliyokatwakatwa



Mada yangu inahusu mnyama asiyepatikana kusini mwa Sahara, hivyo naanza kwa kumtambulisha. Salamanda ni amfibia, wa kundi moja na chura, ingawa kwa mkia wake mrefu mtu atamdhania mjusi. Ngozi yake ni laini, haina magamba na hukauka upesi. Nitamzungumzia hasa salamanda wa madoa, Ambystoma maculatum, wa misitu ya mashariki mwa Marekani. Ni mweusi mwenye madoa ya manjano mgongoni, urefu wake ni sentimita 15 hadi 25 hivi, na anaweza kuishi zaidi ya miaka 20.

Huko katika jimbo la Massachusetts, theluji inapoyeyuka mwezi Machi au Aprili, maji hujaa katika vibonde vya msituni. Vidimbwi hivyo ni vya msimu, na vingi hukauka kabisa wakati wa kiangazi. Kukauka huko ndiko kunakovipa thamani, kwa kuwa samaki hawawezi kudumu humo, nao ni walaji wakubwa wa mayai na viluwiluwi. Usiku wa kwanza wa mvua wenye joto kidogo, salamanda wazima hutoka ardhini kwa wingi, huvuka msitu hadi kidimbwini, hutaga, kisha hurudi walikotoka. Viluwiluwi wao, wenye matamvua yanayoning'inia nje ya shingo, hupata miezi michache tu ya kukua kabla maji hayajaisha.

Hapo kwenye kurudi walikotoka ndipo sera nyingi zinapopotea. Salamanda mzima hukaa majini siku au wiki chache tu kwa mwaka. Muda wote uliobaki yumo chini ya magogo na majani yaliyooza, au ndani ya mashimo yaliyochimbwa na panya na fuko. Mwaka 1998, Raymond Semlitsch wa Chuo Kikuu cha Missouri alikusanya vipimo vya safari za spishi sita za jenasi hii ya Ambystoma. Alionyesha kwamba wazima hukaa wastani wa mita 125 kutoka ukingo wa maji, na kwamba kuwahifadhi asilimia 95 kunahitaji msitu wa mita 164 kukizunguka kidimbwi. Kanuni za ardhi oevu za Massachusetts hupima futi 100, yaani mita 30 hivi. Mkandarasi anaweza kuifuata sheria hatua kwa hatua na bado akajenga nyumba na maegesho juu ya salamanda walio wengi. Sheria ya taifa nayo haisaidii sana: hukumu za Mahakama ya Juu ya Marekani za mwaka 2001 na 2023 zimeviacha vidimbwi vilivyojitenga nje ya ulinzi wake, na mzigo umebaki kwa majimbo na miji.

Tuseme msitu huo umepatikana. Bado kidimbwi kimoja hakitoshi. Mtafiti Lloyd Gamble na wenzake walifuatilia salamanda wa marumaru, Ambystoma opacum, magharibi mwa Massachusetts, wakachapisha matokeo mwaka 2007. Asilimia 91 ya waliozaa kwa mara ya kwanza walirudi kwenye kidimbwi walikozaliwa. Waliobaki walihamia kwingine, baadhi wakienda zaidi ya kilomita moja. Mimi nawathamini sana hao wachache. Mwaka wa ukame maji hukatika mapema na viluwiluwi wote hufa. Hali hiyo ikijirudia, kundi la kidimbwi hicho linaweza kwisha, na wa kulifufua ni wageni kutoka vidimbwi vya jirani. Wageni hao wanahitaji njia ya msitu wenye unyevu. Wenzetu wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania wanaijua ramani ya namna hii, visiwa vya miti kati ya mashamba na barabara.

Barabara ina hesabu yake. Watafiti James Gibbs na Gregory Shriver walikadiria mwaka 2005 kwamba vifo vya barabarani vikizidi asilimia 10 ya wazima kwa mwaka, kundi linaweza kutoweka. Mji wa Amherst, Massachusetts, ulichimba vihandaki viwili chini ya barabara mwaka 1987, vyenye matundu juu ili mvua ipenye na sakafu ibaki na unyevu, pamoja na uzio mfupi wa kuwaelekeza wanyama. Ni kazi nzuri, lakini kihandaki hakina maana ikiwa ng'ambo yake msitu umeshauzwa viwanja. Fedha ikiwa chache, mimi ningenunua kwanza ardhi iliyo kati ya vidimbwi viwili vilivyo hai.

Limebaki suala la kuhesabu. Ni rahisi kuingia majini mwezi Aprili na kuhesabu mafungu ya mayai. Lakini kwa kuwa wazima huishi miaka mingi, mayai yanaweza kuendelea kuonekana muda mrefu baada ya msitu kukatwa, ilhali hakuna vijana wanaokomaa kushika nafasi zao. Kwa hiyo napendekeza kila mradi utenge fedha za uzio mfupi wa kuzunguka kidimbwi na ndoo zilizofukiwa kando yake ili kunasa wanaoingia na kutoka, zikaguliwe kila asubuhi tangu maji yanapojaa hadi yanapokauka, kwa miaka isiyopungua mitano. Ripoti itaje vijana waliotoka majini wakiwa hai, na wangapi kati yao walirudi kuzaa.