Mlango wa Kurudi: Ukimbizi wa Wacuba na Vizuizi vya Safari tangu 1959

Katika maandishi ya kitaaluma kuhusu Wacuba waliohamia Marekani umezoeleka mgawanyo unaowaweka upande mmoja waliotoka kati ya 1959 na 1962, ambao huitwa wakimbizi wa kweli kwa kuwa wengi wao walikuwa wenye mashamba, viwanda na taaluma waliogombana na mapinduzi, na upande wa pili wale waliowafuata, hasa kuanzia 1980, ambao huhesabiwa kuwa wahamiaji wa kiuchumi waliovishwa jina la wakimbizi kwa manufaa ya Vita Baridi. Mgawanyo huo unarudiwa na watu wasiokubaliana katika jambo jingine lolote: serikali ya Havana, inayosisitiza kwamba raia wake husukumwa na vikwazo vya uchumi na kuvutwa na sheria za Marekani, wanasiasa wa Marekani wanaotaka idadi ya wageni ipungue, na hata baadhi ya wazee wa Miami, wanaowaona waliowasili juzi kuwa watu wasio na msimamo. Mhadhara huu unadai kwamba mgawanyo huo umejengwa juu ya swali lisilofaa, yaani swali la kilichokuwa moyoni mwa msafiri siku alipoondoka, na kwamba swali linalofaa, ambalo halijapewa nafasi yake, ni nani aliyeifunga njia ya kurudi na aliifunga kwa sheria gani.

Historia ya jumla inajulikana na inatosha kuitaja kwa mkato. Takriban watu robo milioni waliondoka kabla ya safari za ndege kukatizwa Oktoba 1962 wakati wa mgogoro wa makombora. Wengine wachache walitoka kwa mashua kutoka Camarioca mwaka 1965. Ndege za kutoka Varadero hadi Miami zikawachukua zaidi ya watu 250,000 kuanzia Desemba 1965 hadi 1973. Bandari ya Mariel ikafunguliwa Aprili 1980 na kuwatoa watu wapatao 125,000 katika miezi michache. Kiangazi cha 1994 wakaokolewa baharini zaidi ya 30,000 waliokuwa wakisafiri kwa vyelezo. Na baada ya Nicaragua kuwaondolea Wacuba sharti la viza Novemba 2021, malaki walipita nchi kavu kupitia Amerika ya Kati na Mexico.

Wanaotetea mgawanyo uliotajwa huchukulia kwamba uchumi na siasa ni vyumba viwili vyenye ukuta katikati, na kwamba mtafiti anaweza kumuuliza mhamiaji alikuwa katika chumba kipi. Dhana hiyo inaweza kuwa na maana mahali ambapo muuza mikate akifilisika amefilisishwa na soko. Nchini Cuba haikuwa hivyo, kwa sababu Machi 1968, katika kampeni iliyoitwa Mashambulizi ya Kimapinduzi, serikali ilitaifisha zaidi ya biashara ndogo 55,000, zikiwemo baa, vibanda vya chakula, karakana na maduka ya kukarabati viatu, na kiongozi wa nchi akaeleza hadharani kwamba biashara hizo zilikuwa zikizalisha tabia zisizopatana na mtu mpya aliyekusudiwa. Fundi viatu aliyeondoka baada ya hapo kwa sababu hakuwa na kazi aliondoka kwa sababu ya uchumi, ni kweli, lakini uchumi huo ulikuwa umeamuliwa kwa hotuba ya kisiasa na kutekelezwa na wanachama wa kamati za mtaa. Na anayemwandika fundi huyo katika safu ya wahamiaji wa kiuchumi anapaswa kueleza ni wapi hasa siasa ilikomea na uchumi ukaanza.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo inahusu kitendo chenyewe cha kuondoka. Sheria namba 989 ya Desemba 1961 iliweka utaratibu wa kutaifisha nyumba, samani na mali nyingine za mtu aliyetoka nchini moja kwa moja, bila kujali kama alitoka kwa hasira, kwa njaa au kwa kumfuata mke. Aliyejiandikisha kusafiri na ndege za Varadero alipoteza ajira, wengi wakapelekwa kufanya kazi mashambani wakisubiri zamu yao, vifaa vya nyumbani vikaorodheshwa ili visiuzwe, na vijana wa umri wa kuandikishwa jeshini wakazuiwa kabisa. Wakati wa Mariel mambo yalikwenda mbali zaidi, kwa kuwa walioomba kuondoka walizingirwa majumbani na umati uliowatukana na kuwapiga kwa matukio yaliyopangwa, na wengi walijikuta wakilazimika kutia saini karatasi za polisi zinazowatambulisha kuwa wahalifu, walevi au mashoga ili wapewe ruhusa. Kwa hiyo, hata kama mtu aliianza safari yake akiwa na nia ya kupata mshahara tu, dola ilimgeuza kuwa adui kabla hajafika bandarini, ikamwandikia hukumu yake na kuitia muhuri. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba hakuwa na sababu ya kisiasa ni kudai kuzijua siri za moyo wake kuliko serikali yake ilivyozijua, huku serikali hiyo ndiyo iliyokuwa na uwezo wa kumwadhibu.

Hoja ya tatu ni ya mbinu. Sehemu kubwa ya ushahidi wa nia za wahamiaji imetokana na madodoso na mahojiano yaliyofanywa na maofisa waliokuwa na mamlaka ya kutoa au kunyima hifadhi, na kila mhojiwa mwenye akili hujifunza upesi ni jibu gani linalofungua mlango. Mwaka 1962 jibu hilo lilikuwa moja na mwaka 2022 lilikuwa jingine, kwa hiyo tofauti ya majibu baina ya mawimbi mawili inaweza kupima mabadiliko ya waulizaji kuliko ya waulizwaji.

Ni lazima kukiri hapa kwamba Susan Eckstein, katika kitabu chake kuhusu upendeleo wa Wacuba kilichotoka 2022, ana haki anapoonyesha kwamba Marekani iliwapa Wacuba kile ilichowanyima wengine, na mfano wa Wahaiti ni wa kuhuzunisha: kuanzia 1981 meli za walinzi wa pwani ziliwazuia baharini na kuwarudisha, na mwaka 1993 Mahakama ya Juu ya Marekani ikahalalisha kurudishwa kwao bila kusikilizwa. Dhuluma hiyo ni ya kweli, lakini haithibitishi kwamba Mcuba hakuwa mkimbizi. Inathibitisha kwamba Mhaiti alinyimwa haki yake, na tiba yake ilikuwa kumpa Mhaiti, si kumpokonya Mcuba.

Chanzo kinachofaa kusomwa polepole kuliko vyote katika jambo hili ni sheria fupi ya Marekani namba 89-732 ya tarehe 2 Novemba 1966, ambayo kwa kawaida huitwa Sheria ya Marekebisho ya Wacuba. Jina lake rasmi linataja wakimbizi wa Cuba, lakini vifungu vyake havimtaki mwombaji athibitishe mateso, hofu wala imani yoyote. Vinamtaka awe mzaliwa au raia wa Cuba, awe ameingia Marekani baada ya tarehe 1 Januari 1959 kwa kukaguliwa na kukubaliwa au kwa ruhusa ya muda, yaani kibali cha dharura cha kuingia ambacho hakihesabiwi kuwa viza, na awe amekaa nchini humo miaka miwili, muda ambao baadaye ulipunguzwa kuwa mwaka mmoja. Mke au mume na watoto wanafuata hata kama si Wacuba. Kuna pia kifungu kinachohesabu ukaazi wa kudumu kuanzia miezi 30 kabla ya ombi au siku ya kuwasili, kutegemea ipi iko karibu zaidi, jambo lililoharakisha njia ya kuelekea uraia. Katika semina moja ya wanasheria vijana, mwandishi wa mhadhara huu aligawa nakala zenye jina la sheria lililofunikwa na neno Cuba likiwa limefutwa, akawataka washiriki waseme sheria hiyo ni ya watu wa aina gani. Mmoja akajibu mabaharia, mwingine akajibu wafanyakazi wa mkataba, na hakuna aliyetaja wakimbizi.

Kwa nini Bunge la Marekani liliandika hivyo? Jibu halitafutwi katika ukarimu wala katika njama peke yake. Uhusiano wa kibalozi ulivunjwa Januari 1961, na tangu hapo hapakuwa na ubalozi wa Marekani mjini Havana wa kutoa viza. Walioingia kwa ruhusa ya muda hawakuweza kupata ukaazi mpaka watoke Marekani na kuomba katika nchi ya tatu, gharama ambayo familia iliyonyang'anywa kila kitu haikuimudu. Bunge lilikuwa mbele ya mamia ya maelfu ya watu ambao hawangeweza kurudi walikotoka na hawakuwa na njia halali ya kuendelea kukaa, likaandika sheria ya watu hao. Sheria haikuuliza nia kwa sababu tatizo lililokuwa mezani halikuwa nia. Lilikuwa mlango uliofungwa nyuma yao.

Msimamo huo unapatana na sheria ya kimataifa kuliko inavyodhaniwa. Mkataba wa Geneva wa 1951 unamweleza mkimbizi kuwa mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu yenye msingi ya kuteswa, ambaye hawezi, au kwa hofu hiyo hataki, kujikabidhi kwa ulinzi wa nchi yake. Ndiyo maana mtu aliyetoka salama kama mwanafunzi anaweza kuwa mkimbizi akiwa ugenini ikiwa hali nyumbani imebadilika. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969, uliotumiwa na mataifa ya Afrika Mashariki kuwapokea watu kutoka Burundi, Rwanda na Kongo, ulikwenda mbele kwa kuwajumuisha waliokimbia matukio yanayovuruga vibaya utulivu wa umma, na hivyo ukapunguza uzito wa kumchunguza mtu mmoja mmoja alivyofikiri. Wasomi wa eneo hili wana uzoefu wa kutosha wa kutokiabudu kipimo cha nia.

Hata hivyo Havana haikufunga mlango peke yake. Januari 1961 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilitangaza kwamba pasipoti za raia wake hazitumiki Cuba bila idhini maalumu. Mwaka 1965, katika kesi ya Zemel dhidi ya Rusk, Mahakama ya Juu ilikubaliana na katazo hilo dhidi ya raia aliyetaka tu kwenda kujionea hali ilivyo ili awe raia mwenye ufahamu zaidi. Kesi ya kuvutia zaidi ni ya mwandishi wa habari Mmarekani mweusi William Worthy, aliyekwenda Cuba 1961 bila pasipoti, kwa kuwa alikuwa amenyimwa mpya baada ya safari yake ya China, na akashtakiwa mjini Miami kwa kosa la kuingia katika nchi yake mwenyewe bila hati. Katika mji huohuo na katika miaka ileile, Wacuba waliokuwa wakishuka bila hati walipokewa na kupewa misaada. Mwaka 1964 mahakama ya rufaa ilimfutia hatia, ikikataa kwamba serikali inaweza kumfanya raia aliyesimama mpakani kuwa mhalifu kwa sababu ya kurudi kwao. Katika sheria zote za safari za Cuba hakuna hukumu inayoeleza kwa usafi zaidi kwamba kurudi ni haki inayotangulia karatasi, na inasikitisha kwamba wanaoandika kuhusu wakimbizi hawaitaji kwa sababu mshtakiwa hakuwa mkimbizi.

Makatazo ya pasipoti yaliachwa 1977, lakini mwaka 1982 serikali iliyofuata ikazuia matumizi ya fedha yanayohusiana na safari, njia ambayo mahakama iliikubali kwa kura tano dhidi ya nne mwaka 1984. Mwaka 2004 kanuni zikakazwa hadi Mcuba wa Marekani akaruhusiwa kuwatembelea jamaa zake mara moja kwa miaka mitatu, kwa siku 14, na jamaa wakafafanuliwa kuwa mwenzi wa ndoa, wazazi, watoto, ndugu, babu, bibi na wajukuu. Shangazi aliyemlea mtu hakuhesabiwa, wala mjomba. Kanuni hizo zilifutwa 2009, baada ya wengi kuzikwa bila kuonana na waliowalea.

Pingamizi lenye nguvu zaidi dhidi ya hoja hii ni kwamba Wacuba wamekuwa wakirudi: zaidi ya 100,000 walitembelea kisiwa hicho mwaka 1979 pekee, na katika miaka ya karibuni wapo waliopata ukaazi wa Marekani na kwenda likizo Havana bila kudhurika. Pingamizi hilo linastahili heshima, na kwa baadhi ya watu binafsi linatosha kuonyesha kwamba hofu yao imekwisha. Lakini wageni wa 1979 waliingia kwa idhini. Aliyehama baada ya 1970 alitakiwa kuingia kwa pasipoti ya Cuba hata akiwa raia wa nchi nyingine. Na mpaka 31 Desemba 2017 pasipoti hiyo ilihitaji uidhinisho wa pekee wa ubalozi, uliokuwa ukiweza kukataliwa bila maelezo. Anayeingia kwao kwa hisani amepewa ziara, na ziara inaweza kufutwa.

Mageuzi ya Januari 2013 yaliondoa kibali cha kutoka, kilichojulikana kwa jina la kadi nyeupe, pamoja na barua ya mwaliko, lakini yakaacha vifungu vinavyoruhusu kumzuia mtu kwa usalama wa taifa au maslahi ya umma, na waandishi na wanaharakati wengi wamezuiwa kwa vifungu hivyo. Aliyekaa nje zaidi ya miezi 24 aliendelea kuhesabiwa kuwa amehama, kikomo ambacho Bunge la Cuba lilipitisha sheria ya kukiondoa Julai 2024. Wakenya wanaowakumbuka madaktari wa Cuba waliowasili nchini mwao 2018 wanapaswa kujua kwamba daktari anayeacha kituo chake ugenini amekuwa akizuiwa kurudi Cuba kwa miaka minane, awe amemkosea mtu au hajamkosea, awe na mama mgonjwa au hana.

Kwa upande wa Marekani, ile sheria ya 1966 ingali inatumika, na mgogoro wake wa sasa unahusu kifungu kilekile cha kukaguliwa au kupewa ruhusa ya muda. Maelfu ya waliovuka mpaka wa Mexico baada ya 2021 waliachiwa na maofisa kwa karatasi ya dhamana badala ya ruhusa ya muda, mara nyingi kwa kutegemea ofisa gani alikuwa zamu, na Septemba 2023 bodi ya rufaa za uhamiaji iliamua kwamba karatasi hiyo haimwezeshi mtu kuomba ukaazi chini ya sheria hiyo. Watu hao wamekaa zaidi ya mwaka unaotakiwa, ni Wacuba kwa kuzaliwa, wengi wameuza nyumba walizokuwa nazo, na mahakama bado zinajadili ni fomu ipi walipewa usiku waliovuka mto.