NCHI JIRANI: KUZIBA MAGEGO YA WATOTO KABLA HAYAJAOZA

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa mwaka 2022 ilikadiria kwamba watoto milioni 514 duniani wana meno ya utotoni yaliyooza. Nyuma ya tarakimu hiyo wamo watoto wasiopata usingizi kwa maumivu, na wazazi ambao, katika sehemu nyingi za Afrika, hawana msaada mwingine ila koleo la kung'olea jino.

Hata hivyo, njia ya kuepuka msiba huo ilikwisha kufunguliwa katika nchi jirani. Katikati ya miaka ya 1980, mjini Dar es Salaam, Tanzania, ulianzishwa utaratibu wa kutibu meno kwa vyombo vya mkono peke yake, bila umeme wala mashine ya kutobolea. Kuanzia mwaka 1993, Zimbabwe iliujaribu utaratibu huo katika shule za sekondari. Meno yaliyooza yalijazwa. Yaliyokuwa mazima yalizibwa yasipate kuoza.

Kazi yenyewe si ya miujiza. Gego la kwanza la kudumu huota mtoto afikapo umri wa miaka sita hivi. Juu yake mna vijifereji vyembamba ambavyo mswaki hauwezi kuvifikia. Humo hutuama masazo ya chakula. Vijidudu huigeuza sukari kuwa asidi, nayo asidi hulila jino. Mganga hulisafisha gego, hulikausha kwa pamba, hukoroga saruji ya meno, kisha huishindilia kwa kidole kilichopakwa mafuta. Saruji hiyo hutoa madini ya floridi yanayoliimarisha jino. Hakuna sindano, na mtoto haumii.

Kwa hiyo ukosefu wa umeme si udhuru tena. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza saruji hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu. Kinachotakiwa ni uamuzi wa kuwafikia watoto wakiwa bado katika madarasa ya kwanza, kwani gego la kudumu likishang'olewa halioti tena.

Jambo hili linazihusu kwa namna ya pekee familia za askari. Askari huhamishwa, na wanawe huhama naye. Matibabu yanayohitaji safari nyingi hukatika njiani. Gego lililozibwa huhama na kinga yake, mradi likaguliwe katika zahanati ya kituo kipya, maana saruji huweza kubanduka. Wala kuziba hakuondoi wajibu wa kupiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi na kupunguza vitu vitamu.

Walinzi wa nchi hawangoji adui aingie kambini ndipo waweke zamu langoni. Meno ya watoto wao yanastahili ulinzi wa namna hiyo hiyo.