Mzizi wa Pamba Uliopinda



Ndugu wapendwa, wengi wenu mnaonisikiliza huko Shinyanga, Simiyu na Mwanza mnaishi kwa pamba. Dominika ya leo nawaombeni mtazame kile mnachokikanyaga. Katika kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 25, hata nchi ilipewa mwaka wake wa kupumzika, mwaka wa saba. Wazee wetu nao waliliacha shamba lililochoka likae miaka kadhaa. Siku hizi mashamba ni madogo na walaji ni wengi; basi shamba lilelile hulimwa kila mwaka, kwa plau, kwa kina kilekile.

Plau hupindua udongo wa juu, lakini kitako chake pamoja na kwato za maksai hushindilia udongo wa chini, msimu hata msimu, mpaka linafanyika tabaka gumu kama sakafu. Mpamba una mzizi mkuu ambao, ukiachiwa njia, huweza kuzama zaidi ya mita moja kutafuta unyevu. Ukiikuta sakafu hiyo, hujipinda na kutambaa kando. Mvua ikikatika, majani hulegea na vitumba hupukutika, hali unyevu ungalipo chini, haufikiki. Na mvua kubwa ikinyesha haizami. Huondoka na udongo wa juu wenye mboji.

Dawa moja ni ya zamani. Kabla ya Uhuru watafiti wa Ukiriguru, karibu na Mwanza, walionyesha kuwa matuta yaliyofungwa kwa vituta vya kukingama huyazuia maji yasikimbie. Lakini katika mpango wa maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947, wakoloni waliyafanya matuta kuwa amri, na watu wakaichukia amri pamoja na matuta yenyewe. Siwalaumu.

Dawa nyingine ni ripa, jembe jembamba la kukokotwa na maksai. Halipindui shamba zima; hupasua mstari wa kupandia tu, na likishuka vya kutosha huvunja lile tabaka. Kati ya mistari, mabua ya mahindi au mtama hubaki yakiufunika udongo, kama ng'ombe wa jirani hawakuyamaliza. Nasema mabua ya mahindi, wala si mashina ya pamba. Hayo sharti yang'olewe na kuchomwa baada ya mavuno, ama sivyo funza hupata makao.

Lakini nisiwafiche. Plau huzika magugu, ripa huyaacha. Miaka ya kwanza palizi huongezeka, na katika nyumba nyingi anayepalilia ni mama. Baba asipozungumza naye kabla ya kubadili jembe, mzigo wa ng'ombe utahamia mgongoni mwa mkewe, na hiyo ni dhuluma hata kama udongo utapona. Makatekista, lisemeni jambo hili katika jumuiya ndogo ndogo, akina baba wakiwapo.

Mtakapong'oa mashina mwaka huu, msiyachome kabla ya kuitazama mizizi. Mkiona mzizi uliopinda kama goti, chimbeni palepale, mpime kwa kijiti sakafu ilipo, mkitie alama, mkampelekee bwana shamba. Ncha ya ripa sharti ipite chini ya alama hiyo.