Miti Shamba na Mlango wa Kizazi

Akina mama wengi wa Nachingwea na Ruangwa hungoja korosho ziuzwe ndipo maradhi yatazamwe. Saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake wa Tanzania, hunufaika mno na ngojangoja hiyo. Chembe zilizoingiliwa na virusi vya papiloma hubadilika kimyakimya, mara nyingi kwa miaka 10 au zaidi, bila maumivu.

Ndipo wapo wanaoshauriwa majani ya kuingiza. Washauri wasidharauliwe, maana miti ina dawa kweli. Artesuneti, dawa ya malaria itokanayo na mmea wa artemisia, ilijaribiwa Marekani kwa wanawake 28 wenye mabadiliko hayo. Taarifa ya mwaka 2020 ilieleza kuwa kwa 19 kati yao yalirudi nyuma. Lakini hiyo ni dawa yenye kipimo, nayo bado yachunguzwa. Majani ya kutwanga nyumbani hayana kipimo. Huweza kuchubua, wala hayamwambii mtu kama ugonjwa umeondoka.

Kitu cha jikoni chenye kazi iliyothibitika ni siki. Mhudumu huipaka ikiwa imepimwa, hungoja dakika moja, na penye hitilafu hugeuka peupe. Hapo huweza kugandishwa kwa baridi kali au kuchomwa kwa joto, mara nyingi siku hiyo hiyo, kabla mambo hayajafikia safari ya Ocean Road.

Chanjo iliyoanza kutolewa nchini kote mwaka 2018 ni ya mabinti. Mama aliyefikisha miaka 30, na mwenye VVU hata mapema zaidi, aulizie siki kabla ya msimu wa korosho.