Nyumba Kongwe za Pangani: Chokaa, si Saruji


Mgeni ashukapo kwenye kivuko akitokea Bweni, husimama kuzitazama nyumba kongwe: milango ya nakshi, baraza, kuta nene za mawe ya matumbawe. Uzuri huo haudumu kwa kutazamwa tu.

Kuta hizo zilijengwa kwa chokaa, ambayo huachia unyevu utoke. Zikipigwa plasta ya saruji, unyevu hufungiwa ndani. Chumvi hula mawe, na boriti za mikoko huoza. Hivyo mwenye nyumba huibomoa akidhani anaikarabati.

Anayekusudia kukarabati na aulize kwanza ofisi ya kata, kabla ya kununua mfuko wa saruji. Bandu bandu huisha gogo. Nyumba baada ya nyumba, huisha mji.