Mlango Uliofungwa na Mzani wa Korti

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wanachama. Twayapiga chapa kwa ajili ya wenzetu waliokuwa zamu siku ile.)



Twajua wengine mmetoka zamu ya usiku na hamjalala. Leo hatutasema habari za mshahara. Twataka kusema habari ya mlango mmoja na kitasa chake, na jinsi korti ilivyopima mali ya matajiri na roho za wafanyakazi. Kisa ni cha zamani na cha mbali, lakini kila mtu aliyewahi kupekuliwa mkoba langoni atakielewa.

Katika mji wa New York, Marekani, palikuwa na kiwanda cha kushona blauzi za wanawake, jina lake Triangle. Kilikuwa katika orofa ya 8, ya 9 na ya 10 ya jumba refu. Wenyewe walikuwa matajiri wawili, Max Blanck na Isaac Harris. Wafanyakazi wengi walikuwa wasichana, Wayahudi na Waitaliani, waliohamia huko kutafuta riziki. Wengine walikuwa na miaka 14 tu.

Mwezi wa Novemba 1909 washonaji zaidi ya 20,000 wa mji huo waligoma. Wale wa Triangle waliomba, pamoja na mambo mengine, ngazi njema za kukimbilia moto, na milango isifungwe wakati wa kazi. Mgomo ulipokwisha mwaka 1910, viwanda vingi vilipatana na chama, lakini matajiri wa Triangle walikataa kukitambua. Wafanyakazi wakarudi kazini, na mlango ukabaki kama ulivyokuwa. Sababu yake ni hii: matajiri waliogopa wizi. Jioni kila mfanyakazi alitakiwa kutoka kwa mlango mmoja tu, ili mkoba wake utazamwe.

Jumamosi, 25 Machi 1911, saa kumi na dakika 40 alasiri, moto ulianza katika vipande vya nguo chini ya meza ya wakataji, orofa ya 8. Watu wa orofa ya 10 waliarifiwa kwa simu. Wakapanda juu ya paa, na matajiri wenyewe pamoja nao, wakapona. Watu wa orofa ya 9 hawakupata habari mpaka moto ulipowafikia. Walikimbilia mlango wa ngazi wakaukuta umefungwa. Ngazi ya chuma ya nje ikavunjika kwa uzito wa watu. Ngazi za wazima moto zilifika orofa ya 6 tu. Wengi walijirusha madirishani. Waliokufa ni watu 146. Jumba lenyewe halikuanguka. Lasimama mpaka leo.

Sasa twende kortini. Mwezi wa Desemba 1911 matajiri hao wawili walisimama kortini kwa shtaka la kusababisha kifo. Walimwajiri Max Steuer, wakili mashuhuri sana wa mji ule. Msichana mmoja aliyeokoka alieleza jinsi mwenzake alivyokufa akivuta mlango. Steuer hakumkemea. Alimwomba tu asimulie tena, kisha tena. Maneno yake yalipofanana, wakili akasema kwamba amefundishwa. Fikirini, ndugu. Mfanyakazi akibadili maneno huitwa mwongo, na asipobadili huitwa kasuku.

Kitasa chenyewe, kilichofukuliwa katika majivu, kililetwa kortini. Lakini jaji aliwaeleza watu 12 wa juri, yaani raia walioitwa kuamua, kwamba haitoshi mlango kuwa umefungwa. Ni lazima wawe na hakika kwamba matajiri walijua, saa ile ile, kwamba umefungwa. Ni nani awezaye kuingia katika kichwa cha tajiri na kutoa humo alichokijua? Tarehe 27 Desemba juri walikaa kwa muda usiotimia saa mbili, wakatoka wakasema: hawana hatia.

Mtatusamehe tukihesabu sasa kama makarani. Harris alipoulizwa kortini thamani ya vitu alivyoibiwa na wafanyakazi, alikiri kwamba haikuzidi dola 25. Baada ya moto kampuni za bima ziliwalipa matajiri yapata dola 60,000 kuzidi hasara waliyoonyesha. Mkigawa fedha hizo kwa wale 146 mtapata kama dola 400 kwa kila maiti. Mwaka 1914 kesi 23 za madai zilimalizwa kwa mapatano: dola 75 kwa kila aliyekufa. Na mwaka 1913 Blanck alikamatwa tena, kwa kufunga mlango wa kiwanda chake kingine wakati wa kazi. Faini yake ilikuwa dola 20.

Yawekeni mezani hayo: wizi 25, roho 75, faini 20. Faini iliyo ndogo kuliko bei ya blauzi chache si adhabu. Tajiri huiandika katika daftari pamoja na gharama za uzi na vifungo.

Je, tuseme korti hazina faida? Hapana. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wafanyakazi wa New York hawakungoja korti. Tarehe 5 Aprili 1911 maelfu kwa maelfu waliandamana katika mvua. Mwezi wa Juni mwaka ule serikali ya jimbo iliunda tume chini ya Robert Wagner na Al Smith, na mkuu wa vyama vya wafanyakazi, Samuel Gompers, alikuwamo. Tume iliingia viwandani ikatazama milango kwa macho yake. Katika miaka michache zilitungwa sheria mpya zaidi ya 30, juu ya milango, mazoezi ya kukimbia moto, na mabomba ya maji darini. Sheria hizo ziliweka wajibu mbele, kabla ya msiba. Mkaguzi hana haja ya kuuliza tajiri alijua nini. Husukuma mlango, basi.

Sisi Kenya tunayo sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Yasema mlango wa kutokea usifungwe hata usiweze kufunguka mara moja kutoka ndani, maadamu watu wamo. Yasema pia kwamba mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na wafanyakazi wawemo. Anayelalamika juu ya hatari hapaswi kufukuzwa kwa sababu hiyo. Na sheria ya Malipo ya Ajali Kazini ya mwaka huo yampa tajiri siku 7 kumwarifu Mkurugenzi, na yampa aliyeumia, au jamaa za aliyekufa, miezi 12 kudai.

Hata hivyo karatasi haifungui kitasa. Wakati mmoja sisi wenyewe tulitembelea mahali pa kazi, hatupataji, tukakuta mlango wa nyuma una minyororo. Tukauliza ufunguo uko wapi. Tukaambiwa uko kwa askari, na askari amekwenda kunywa chai. Ndani walikuwamo watu kwenye cherehani.

Kwa hiyo twawaomba mambo matatu. Kesho mkiingia kazini, sukumeni kila mlango wa kutokea. Ukiwa umefungwa, andikeni siku, saa, na jina la mliyemwambia, nanyi mlete nakala kwa katibu wa tawi. Na kamati ya usalama ikiwa haipo, iombeni kwa barua.

Msichana yule wa New York alikuwa na maneno ya kinywa tu, na wakili akayageuza. Barua yenye tarehe haigeuzwi hivyo. Siku tajiri atakaposema kortini kwamba hakujua, barua yenu ndiyo itakayojibu. Na Mungu akipenda, barua hiyo itaufungua mlango kabla korti haijahitajika.

Umoja ni nguvu.