MTOTO AKIKOSA SHULE, USIFICHE

Maneno ya mhudumu wa jamii katika mkutano wa wazazi wanaojiandaa kurudi Rumonge na Nyanza-Lac



Leo sikuja na habari za malori wala za mgao. Nimekuja kwa ajili ya watoto wenu na shule watakayoikuta huko ufukoni.

Karo ya shule ya msingi iliondolewa Burundi mwaka 2005. Lakini nguo ya kaki, daftari na kalamu bado vinataka pesa, na mwenye njaa hasikii somo hata kama halipi karo. Rumonge kuna na ziwa. Usiku wa giza wavuvi huwasha taa kuvua ndagala, na mtoto wa miaka 12 akiteka maji mtumbwini hupewa samaki wa kupeleka nyumbani. Asubuhi yuko darasani, amelala juu ya dawati. Baada ya muda haji kabisa. Wengine hubeba mikungu ya michikichi. Msichana hulea wadogo zake wakati mama anaanika ndagala.

Mwalimu anaona nafasi iko wazi. Akifika nyumbani, mzazi anasema, "Anaumwa." Safari ya pili, "Kaenda kwa shangazi yake." Safari ya tatu mwalimu haji, maana ana wanafunzi wengi mno. Hapo ndipo mtoto anapotea.

Nilimjua mama mmoja mjane aliyesema hivyo miezi mitatu. Aliogopa kukemewa. Siku aliyosema kweli, tulijua kwamba alikopa chakula kwa mwenye mtumbwi, na kijana wake alikuwa analipa deni kwa kuvua. Tulikaa mchana mmoja tu: mkuu wa shule, watu wawili wa kamati ya wazazi, mwenye mtumbwi na mama mwenyewe. Walikubaliana alipe kidogo kidogo kwa ndagala anazouza. Kijana alirudi darasani, ingawa mwaka ule alirudia. Angesema mapema asingerudia.

Kwa hiyo mkifika, mtu wa shule akibisha hodi, mkaribisheni na mwambieni shida yenyewe: deni, ugonjwa, nyumba iliyoingia maji, baba anayekunywa. Hakuja kuwahukumu. Msitegemee kwamba kila shule ina mhudumu wa jamii wake. Mara nyingi atakuja mwalimu au mtu wa kamati. Likiwazidi, ulizieni kituo cha maendeleo ya familia na jamii, kile watu wanachokiita CDFC. Msaada huo hauuzwi. Mtu akitaka pesa, au akimtaka binti yako ili akusaidie, huyo ni wa kushitakiwa.

Sasa lugha. Waliokimbia mwaka 1972, wakakaa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, walianza kurudi kwa wingi mwaka 2008. Walikuwa zaidi ya 50,000, na wengi walikwenda pwani hiyo hiyo ya Rumonge na Nyanza-Lac. Watoto wao walikuwa wamesoma Kiswahili na Kiingereza. Wakakuta Kirundi na Kifaransa. Vijana wakubwa walikaa benchi moja na watoto wadogo, wakaona haya, wakaacha. Wazazi wengi walidhani ni ukaidi.

Wenu wana nafuu, kwa kuwa shule za kambini zilifuata mafunzo ya Burundi. Hata hivyo mtoto anayejibu kwa Kiswahili tu, mwambieni mwalimu siku ya kwanza, msingoje mtihani. Na msikubali ashushwe madarasa mawili kabla hajapimwa. Ulizeni kwa upole, lakini ulizeni.

Kabla ya kupanda lori, chukueni buletini zote za shule, cheti cha kuzaliwa na karatasi ya kurudi kwa hiari. Vifungeni ndani ya mfuko wa nailoni, mvae mwilini, msiviweke kwenye mizigo. Buletini ikipotea, mtoto anaweza kurudishwa nyuma kwa kukosa karatasi tu.

Ambaye hajapata buletini ya mtoto aende kwa mkuu wa shule wiki hii. Anayelea mtoto asiye wake aje kwetu kabla ya kuandikishwa safari, aje na mtoto mwenyewe.